Bwawa lisilotoa maji halitoi faida

UFUGAJI wa samaki umekuwa wimbo wa kila semina ya ujasiriamali. Ukihudhuria tatu au nne utasikia hesabu ileile: bwawa moja, vifaranga elfu moja, miezi sita ya kulisha, na mamilioni ya shilingi mwishoni.

Hesabu hiyo huanzia kwenye kifaranga. Mtoa mada hasemi bwawa limechimbwa kwenye udongo gani, maji yanaingilia wapi na, zaidi ya yote, yanatokea wapi. Bwawa huchukuliwa kama sahani ambayo mtu ananunua dukani na kuiweka mezani.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo fedha nyingi za wakulima, wastaafu na vikundi vya akina mama zinapopotelea, kabla hata samaki wa kwanza hajatiwa majini. Mtu anatoa kiinua mgongo chake au anakopa kwenye Saccos, analipa vibarua, anachimba, anajaza maji. Wiki mbili baadaye maji yameshuka nusu na hajui yamekwenda wapi.

Makala haya yana hoja moja tu. Shilingi ya kwanza ya mfugaji wa samaki iende kwenye kupima udongo na kutafuta njia ya kutolea maji. Eneo likishindwa majaribio hayo mawili, mradi usianze, hata kama mkopo umeshapitishwa na vibarua wamekwishafika na majembe yao.

Tulishachimba, tukaacha

Ufugaji huu si mgeni nchini mwetu. Majaribio ya kufuga perege kwenye mabwawa yalianza mwaka 1949 huko Korogwe mkoani Tanga na Malya mkoani Mwanza. Katika miaka iliyofuata wananchi walihamasishwa wakachimba, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na mabwawa yapatayo 8,000.

Mengi kati ya hayo hayakuzalisha cha maana au yalidumu kwa muda mfupi tu. Sababu zinazotajwa ni usimamizi mbovu, teknolojia isiyofaa, ukame na miundombinu duni. Ukitazama vizuri, sababu kadhaa kati ya hizo zinahusu mahali bwawa lilipochimbwa na jinsi lilivyochimbwa.

Jirani zetu wa Kenya walifanya jambo kubwa zaidi mwaka 2009. Serikali yao, katika mpango wa kuchochea uchumi, ilianza kugharamia uchimbaji wa mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140 yaliyochaguliwa, kila bwawa likiwa na ukubwa wa mita za mraba 300. Hayo ni mabwawa 28,000.

Uzalishaji ulipanda kwa kasi kwa miaka michache, kisha ukashuka, na mabwawa mengi yakaachwa. Bei ya chakula cha samaki ilichangia, lakini pia yalikuwapo mabwawa yaliyochimbwa kwenye udongo usioshika maji, kwa sababu kila jimbo lilipaswa kutimiza idadi yake.

Somo la pande zote mbili za mpaka ni kwamba kuhesabu mashimo si kuhesabu samaki.

Bwawa lililoachwa halirudi kuwa shamba kirahisi. Udongo mzuri wa juu umeshachanganyika na wa chini, na mahali palipokuwa na mahindi au migomba pamebaki shimo. Mvua zikinyesha linajaa maji machafu, linakuwa mazalia ya mbu na hatari kwa watoto wanaocheza karibu. Familia yenye ekari moja haiwezi kubeba hasara ya namna hiyo.

Majaribio mawili yasiyohitaji maabara

Udongo unaofaa kwa bwawa ni ule wenye mfinyanzi wa kutosha. Wataalamu husema angalau sehemu 20 hadi 30 katika kila 100 ziwe mfinyanzi. Mkulima hana haja ya maabara ili kupata picha ya kwanza. Mababu zetu waliofinyanga vyungu walijua udongo kwa vidole.

Jaribio la kwanza ni la bonge. Chimba hadi kina ambacho sakafu ya bwawa itafika, kwa sababu udongo wa juu unadanganya. Chukua konzi ya udongo wa chini, uloweshe kidogo, uufinye uwe bonge, kisha urushe juu na kuudaka. Bonge likisambaratika, mchanga umezidi. Likibaki zima, endelea na jaribio la pili.

Jaribio la pili ni la shimo. Chimba shimo lenye kina cha kufika kiunoni. Asubuhi na mapema lijaze maji hadi juu. Jioni utakuta maji yamepungua, nalo ni jambo la kawaida kwa sababu kuta za shimo zilikuwa kavu. Lijaze tena, ulifunike kwa matawi yenye majani ili jua na upepo visipunguze maji, kisha ulale.

Kesho yake asubuhi, ukikuta maji mengi bado yamo, udongo huo una uwezo wa kushika maji. Ukikuta shimo limekauka, ardhi imekujibu. Hakuna samaki wala semina itakayobadilisha jibu hilo.

Shimo moja halitoshi. Udongo hubadilika ndani ya hatua kumi tu, hasa karibu na mito ambako tabaka la mchanga hupita chini ya mfinyanzi. Chimba moja kila pembe ya eneo la bwawa na moja katikati. Ni kazi ya siku mbili kwa mtu mwenye jembe na ndoo.

Kila sehemu ya nchi ina hila zake. Katika maeneo mengi ya ukanda wa pwani udongo ni kichanga na maji hupita kama kwenye chujio. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru kuna mahali ambapo chini ya udongo mzuri kuna changarawe ya volkano inayokunywa maji. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na Simiyu, hushika maji ukiwa umelowa, lakini ukikauka hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Tuta lililojengwa kwa udongo huo mtupu linaweza kuvuja baada ya kiangazi kimoja.

Hesabu ya maji yanayopotea

Tufanye hesabu, maana hii ni kurasa ya biashara. Bwawa la mita za mraba 300 lenye kina cha wastani cha mita moja linachukua lita 300,000 za maji. Kwa ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo 15,000.

Bwawa zuri nalo hupoteza maji. Tuseme jua linachukua nusu sentimita kwa siku na ardhi inakunywa sentimita moja. Hizo ni lita 4,500 kwa siku, na mfereji mdogo unaotiririka unaweza kuzifidia bila mkulima kuhisi.

Sasa tuchukue bwawa lililochimbwa kwenye udongo wa kichanga, ambalo linashuka sentimita 10 kila siku. Hapo zinapotea lita 30,000 kwa siku. Kama maji hayaji yenyewe, mkulima atawasha pampu. Tuseme pampu yake inatoa lita 20,000 kwa saa na inakunywa lita moja ya petroli kwa saa hiyo. Kila siku ataiwasha saa moja na nusu.

Kwa siku 180 za kukuza samaki hiyo ni petroli lita 270. Tukiweka bei ya Sh3,000 kwa lita, ni Sh810,000.

Upande wa mapato, tuseme alipanda vifaranga 900, yaani watatu kwa kila mita ya mraba, wakabaki hai 720 na kila mmoja akafikia gramu 250. Hizo ni kilo 180. Akiuza kilo moja Sh8,000 anapata Sh1,440,000. Aondoe chakula kilo 300 kwa Sh2,500, yaani Sh750,000, na vifaranga kwa Sh200 kila kimoja, yaani Sh180,000. Zinabaki Sh510,000, kabla ya kuhesabu nguvu zake mwenyewe na gharama ya kuchimba.

Mfugaji mwenye bwawa linaloshika maji ana hiyo Sh510,000 mkononi. Mwenzake mwenye bwawa linalovuja ana hasara ya Sh300,000, ingawa wote wawili walinunua vifaranga mahali pamoja, wakalisha chakula kilekile na kuuza soko moja. Tofauti yao ni udongo.

Bei hizi ni za mfano, na kila msomaji aweke za kwake. Lakini hata akipunguza bei ya petroli kwa theluthi moja, bado mwenye bwawa linalovuja hapati kitu.

Maji yatokee wapi?

Wakulima wengi wakitafuta mahali pa kuchimba huuliza maji yataingiaje. Wachache huuliza yatatokaje. Mimi nasema swali la pili lina uzito sawa na la kwanza, na mara nyingine linazidi.

Bwawa la samaki lazima liweze kukaushwa lote. Kwanza, ni kwa ajili ya kuvuna. Nyavu peke yake haziwezi kuwatoa samaki wote, na kambale hujichimbia kwenye tope. Pili, sato na perege huzaana humo humo bwawani. Usipokausha, watoto waliobaki watajaza bwawa, watakula chakula cha vifaranga wapya, na msimu unaofuata utavuna samaki wengi wenye ukubwa wa kidole ambao hakuna mama lishe atakayewanunua.

Tatu, sakafu ya bwawa inapaswa kupigwa na jua mpaka ipasuke kidogo, ili wadudu, mayai na samaki waharibifu wafe, na tope lililooza liondolewe. Mfugaji asiyeweza kukausha anaanza kila msimu na uchafu wa msimu uliopita.

Kukausha kwa pampu kunawezekana, lakini lita 300,000 kwa pampu yetu ya mfano ni saa 15 za kuiwasha. Bomba la plastiki la inchi nne lililotegwa vizuri chini ya tuta linafanya kazi hiyo usiku mmoja bila tone la petroli, mwaka hadi mwaka.

Sharti ni moja. Mahali bomba linapotokea nje lazima pawe chini kuliko sehemu yenye kina zaidi ya bwawa. Hili linaamuliwa na mteremko wa shamba, wala fundi hawezi kulirekebisha baadaye.

Chukua mfano wa bwawa lenye kina cha mita 1.2, ambalo nusu yake imechimbwa chini na nusu nyingine ni tuta lililoinuliwa kwa udongo huo huo uliochimbwa. Sakafu yake iko sentimita 60 chini ya ardhi ya kawaida. Kama shamba linashuka sentimita mbili kwa kila mita moja, itabidi mfereji wa kutolea maji uende mita 30 au zaidi kidogo ndipo maji yatoke yenyewe. Je, hizo mita 30 ziko ndani ya shamba lako, au zinaishia kwenye mahindi ya jirani?

Kupima mteremko hakuhitaji mashine. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi wa nyumba, unatosha kabisa. Watu wawili wenye mpira huo na fimbo mbili zilizowekwa alama watajua kwa nusu siku kama maji yatatoka au hayatatoka.

Shimo linalojijaza lenyewe

Wapo wanaofurahi wakichimba bondeni na kuona maji yanapanda yenyewe kutoka chini. Kwenye vinyungu vya Iringa na Njombe, na kwenye mabonde mengi ya Kagera na Morogoro, jambo hili ni la kawaida. Mkulima huona amepata maji ya bure.

Maji hayo yana bei yake. Shimo linalojijaza lenyewe haliwezi kukaushwa, kwa sababu kila ukitoa maji mengine yanaingia. Samaki hawavunwi wakaisha, tope haliondoki, na masika yakizidi bwawa linafurika na samaki wanakwenda na mafuriko. Baada ya misimu miwili mwenye shimo hilo ana kisima kikubwa chenye samaki wadogo.

Mafundi wanaojenga mabwawa ya kuogelea ya mahoteli wanalifahamu tatizo hili la maji ya ardhini. Mahali ambapo maji hayo yako juu, bwawa la zege likimwagwa maji yote linaweza kusukumwa kutoka chini likainuka na kupasuka, kwa kuwa uzito wa maji yaliyokuwa ndani ndio uliolikandamiza. Ndiyo maana huandaa tabaka la kokoto na mabomba ya kupitishia maji chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege.

Mkulima anayetandika turubai la plastiki juu ya ardhi ya namna hiyo atakutana na jambo hilohilo. Siku akitoa maji, turubai litavimba katikati na kuinuka. Turubai ni dawa ya udongo wa kichanga ulio mkavu chini, si dawa ya bonde lililojaa maji. Nalo ni gharama inayopaswa kuingizwa kwenye hesabu tangu mwanzo, wala isichukuliwe kama kiraka cha kuokoa bwawa lililoharibika.

Kwa hiyo, kazi ya kuchimba ifanyike kiangazi, lakini uchunguzi wa maji ya ardhini ufanyike wakati wa masika. Chimba shimo la mita moja na nusu, uliache siku mbili, uangalie maji yanapanda hadi wapi. Yakipanda juu ya mahali sakafu ya bwawa itakapokuwa, tafuta sehemu nyingine iliyo juu zaidi.

Kazi ya ardhi ifanywe kama msingi wa nyumba

Eneo likishafaulu, maandalizi yake yanafanana na ya msingi wa nyumba. Visiki na mizizi yote ing'olewe. Udongo wa juu wenye mboji uondolewe na kuwekwa pembeni, kwa maana tuta likikaa juu ya majani na mizizi, vitu hivyo vitaoza na kuacha njia za maji.

Chini ya mstari wa tuta chimbwe mtaro, kisha ujazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa. Mtaro huo ndio unaozuia maji yasipite chini ya tuta. Kuuacha kunaokoa siku mbili za kibarua na kugharimu bwawa zima.

Tuta lipandishwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 20, kila tabaka likiloweshwa kidogo na kushindiliwa kabla ya jingine. Upande wa ndani, kila tuta likipanda mita moja lirudi nyuma mita mbili. Upande wa nje mita moja na nusu inatosha. Juu liwe na upana usiopungua mita moja ili mtu apite na toroli, na libaki sentimita 30 juu ya usawa wa maji.

Sakafu ilazwe kwa mteremko mdogo kuelekea kwenye bomba la kutolea maji. Bomba lenyewe litandikwe kabla tuta halijajengwa, likizungushiwa zege mahali linapopita katikati ya tuta ili maji yasitambae pembeni yake. Ndani ya bwawa liungwe na bomba la kusimama kwa kiungo cha kona kinachoweza kulazwa. Likisimama linazuia maji yasizidi kimo chake, na likilazwa linatoa maji yote. Mdomo wake ufungwe wavu ili samaki wasitoroke.

Upande wa juu wa shamba chimba mfereji wa kinga utakaochepusha maji ya mvua. Mvua moja kubwa inayoingia bwawani na tope la mlimani inaweza kuvunja tuta kwa usiku mmoja. Udongo wa mboji uliowekwa pembeni urudishwe juu ya tuta na upande wa nje, upandwe ukoka. Miti isipandwe hapo, maana mizizi yake itapasua tuta.

Kabla ya kupanda vifaranga, jaza maji na usubiri wiki mbili huku ukipima kwa fimbo yenye alama. Hapo ndipo utakapojua kama umejenga bwawa au umechimba shimo.

Majirani na sheria

Maji yanayotoka bwawani yana mbolea na tope. Yanaweza kustawisha bustani ya mboga ya mwenye bwawa, na huo ndio utaratibu mzuri. Lakini yakielekezwa kwa jirani bila makubaliano, kesi itafika kwa mtendaji wa kijiji. Ni vyema njia ya maji ikakubaliwa kwa maandishi mapema, mbele ya mashahidi.

Ni vyema pia ikaeleweka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inahitaji kibali cha kuchepusha maji ya mto, na kibali cha kuyatiririsha tena, kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika. Tunayo mabonde tisa, na kila shamba liko ndani ya mojawapo. Mkulima anayechimba kwanza na kuuliza baadaye anahatarisha mtaji wake.

Wakopeshaji na halmashauri wabadilike

Mzigo huu usiachiwe mkulima peke yake. Vyama vya akiba na mikopo vinavyokopesha kwa ajili ya ufugaji wa samaki vitoe fedha kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe ndogo, ya kupima udongo na mteremko. Ya pili itoke baada ya afisa uvuvi au mjumbe wa kamati ya mikopo kuona majaribio ya shimo kwa macho yake. Ya mwisho, ya vifaranga na chakula, itoke bwawa likishashika maji wiki mbili.

Wapo watakaosema utaratibu huo unachelewesha na unamwongezea mwanachama usumbufu. Ni kweli utachelewesha kwa wiki kadhaa. Lakini mkopo uliozama kwenye mchanga unarudishwa kwa kuuza mbuzi, bati la nyumba au shamba lenyewe, na mdhamini naye anaingia kwenye deni. Kuchelewa wiki tano ni nafuu kuliko kulipa miaka mitatu kwa kitu ambacho hakipo.

Halmashauri nazo ziache kutoa taarifa za idadi ya mabwawa yaliyochimbwa. Zihesabu mabwawa yaliyovunwa na kukaushwa angalau mara moja. Kipimo kikibadilika, afisa ugani naye atabadilika, kwa sababu hatakuwa na sababu ya kuhimiza watu wachimbe popote ili ajaze fomu ya robo mwaka.

Waendesha semina waanze somo lao kwa jembe na ndoo ya maji kabla ya kuonyesha picha za samaki wakubwa. Wakishindwa, mshiriki aliyelipa kiingilio ana haki ya kuuliza swali moja tu: hilo bwawa la mfano linatolea maji wapi?

Kwa mkulima ambaye ardhi yake imemkatalia, fedha zake bado ni salama, na hilo si jambo dogo. Anaweza kuzipeleka kwenye kuku, bustani au ng'ombe wa maziwa. Anaweza pia kuingia ubia na mwenye eneo linalofaa, akakodi sehemu kwa mkataba wa miaka kadhaa. Kikundi kinaweza kuwa na mabwawa matatu kwenye shamba moja zuri, badala ya kila mwanachama kuwa na lake linalovuja nyuma ya nyumba.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Fedha za mfugaji wa samaki nazo zina mkondo wake, na hupita kwenye udongo na kwenye bomba la inchi nne chini ya tuta kabla ya kufika sokoni. Msimu wa kuchimba ukifika, anayetaka kuanza awe na majibu ya masika mkononi: maji ya ardhini yalipanda hadi wapi, shimo la majaribio lilibaki na kiasi gani, na njia ya kutolea maji inaishia kwenye shamba la nani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.